Kulipaka Gitaa Ulilolitengeneza Mwenyewe: Mwongozo Kamili, Kutoka Msasa hadi Mng'aro

Gitaa likishaungwa, mbavu zikashikana na mgongo na shingo ikakaa mahali pake, fundi anayejifunza hudhani kwamba kilichobaki ni kupitisha vanishi Jumamosi moja na kufunga nyuzi. Hapo ndipo magitaa mengi mazuri huharibikia. Mpako wa mwisho una kazi mbili zinazovutana: kuzikinga mbao na jasho, unyevu na mikwaruzo, na wakati huohuo kuziacha mbao hizo zitetemeke. Uso wa gitaa la akustika huwa na unene wa milimita 2.5 hadi 3 hivi, na kila tabaka unaloliongeza juu yake ni uzito ambao nyuzi zitalazimika kuusukuma. Vanishi nzito inayoipendezesha meza ya sebuleni huliziba gitaa sauti.

Mwongozo huu unamlenga mtu anayefanya kazi nyumbani hapa Nairobi, pengine kwenye roshani ya ghorofa au uani, asiye na kompresa wala chumba cha kupulizia rangi. Kwa mtu huyo msimamo wangu ni kwamba apake kwa mkono, apake tabaka jembamba, na aanze na sheleki. Nitaeleza sababu, kisha nifuate kazi hatua kwa hatua.

Kuchagua mpako

Laka ya nitroselulosi ndiyo ambayo maseremala wa Ngong Road na Gikomba huipulizia vitanda na makabati baada ya tabaka la sila, yaani mpako wa kwanza wa kuziba ubao. Viwanda vya magitaa vya Marekani viliitumia sana kuanzia miaka ya 1920, na sifa yake kubwa ni kwamba kila tabaka jipya huliyeyusha kidogo lile lililotangulia, hivyo hukauka yakawa kitu kimoja na hurekebishika kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba hupakwa vizuri kwa kupuliziwa tu, mvuke wake unalewesha na unashika moto upesi, na katika nyumba ya kupanga majirani watakushtaki kwa mwenye nyumba kabla hujamaliza tabaka la pili.

Poliurethani ya makopo mawili, ambayo huchanganywa na kigumuzi chake muda mfupi kabla ya kupakwa, ni ngumu na inang'aa sana, lakini kigumuzi hicho kina aisosianeti, kemikali inayoweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu hapo. Kazi hiyo waachie wenye vifaa vya kuwaletea hewa safi, nyumbani usiiguse.

Vanishi ya kawaida ya mafuta, ikipunguzwa kwa tapentaini au kwa spiriti nyeupe na kupakwa kwa kitambaa, ni mpako mzuri kwa shingo na hata kwa mwili wa gitaa la umeme, ambalo sauti yake haitegemei sana wepesi wa uso. Hukauka polepole, na vumbi la Nairobi hupata muda wa kutosha kutua juu yake.

Sheleki ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti, hasa India na Thailand. Huuzwa ikiwa magamba makavu, ukayayeyusha mwenyewe kwa spiriti ya alkoholi, si ile nyeupe. Hukauka kwa dakika chache, haihitaji mashine, harufu yake ni ya spiriti tu, na tabaka lake linaweza kuwa jembamba kuliko la mpako mwingine wowote niliokwisha kuutaja. Ndiyo maana watengenezaji wa magitaa ya klasiki bado wanaipendelea. Udhaifu wake usifichwe: joto kali huilainisha, pombe huiyeyusha, na jasho la mkono huichakaza pale mkono unapolala juu ya ubavu. Hata hivyo, sehemu iliyochakaa hupakwa tena bila kukwangua gitaa zima. Mpigaji mwenye mkono mzito, kama wale wa omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, ambao kucha zao hufika kwenye uso wa gitaa, na aongeze kipande chembamba cha plastiki karibu na tundu la sauti badala ya kuongeza unene wa mpako kila mahali.

Msimu na mahali

Chagua msimu kabla ya kununua chochote. Katika mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, hewa hujaa unyevu. Spiriti au thina inapokauka huupoza uso wa ubao, unyevu wa hewa ukagandama hapo, na mpako ukabaki na ukungu mweupe ndani yake. Januari na Februari ni miezi mizuri zaidi. Julai mvua ni kidogo, lakini asubuhi zake ni za baridi, kwa hiyo anza kazi baada ya saa nne na uache kabla ya saa kumi. Kumbuka pia kwamba jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na viyeyusho hukauka upesi. Mchana wa Februari utaona kitambaa kinaanza kunata kabla hujamaliza mzunguko.

Mwagia sakafu maji kidogo ili vumbi litulie, fungua madirisha, na uhakikishe kwamba hakuna jiko la gesi, la mafuta wala la makaa linalowaka karibu. Spiriti huwaka kwa mwali ambao mchana hauonekani vizuri.

Hatua ya kwanza: msasa

Mpako hauwezi kuficha kosa la msasa, huliangaza. Anza na msasa namba 120 ikiwa kuna alama za randa au skrepa, kisha namba 180, 220 na 320, ukisugua kufuata nyuzi za ubao na kuufunga msasa kwenye kipande bapa cha mti au kizibo. Vidole vitupu huchimba mabonde ambayo hutayaona hadi mng'aro utakapofika. Usiruke namba, kwa sababu mikwaruzo ya 120 haiondolewi na 320 bali hulainishwa tu, kisha hujitokeza upya baada ya tabaka la tatu. Kwenye uso wa gitaa anza moja kwa moja na 180 na usugue kwa kiasi, maana huko huna ubao wa kupoteza.

Kila unapomaliza namba moja, zima taa ya dari, washa tochi ya simu na uilaze karibu kabisa na ubao ili mwanga upite juu yake kwa mshazari. Kila mkwaruzo unaokatiza nyuzi za ubao utatoa kivuli chake. Kisha pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo: kwa sekunde chache ubao utachukua rangi utakayokuwa nayo ukishapakwa, na madoa ya gundi yataonekana kama mabaka meupe yasiyolowa, hasa kwenye pembe ambapo shingo inakutana na mwili. Yakwangue yote sasa. Gundi iliyoingia kwenye ubao haitapokea sheleki wala rangi, na hakuna dawa yake baadaye.

Baada ya 220, futa gitaa zima kwa kitambaa kilicholoweshwa maji kidogo na kukamuliwa vizuri, uache likauke, kisha usugue kwa wepesi kwa 320. Maji huyasimamisha malaika ya ubao, yaani vinyuzi vyake vidogo. Ni heri yasimame sasa uyakate kuliko yasimame chini ya mpako.

Neno kuhusu vumbi lenyewe. Vumbi la mvule na la mpingo huwasha ngozi na kukera njia ya hewa kwa watu wengi, basi vaa barakoa na usisugulie ndani ya chumba cha kulala. Tena, gitaa lisikaribiane na polishi ya viatu, ya fanicha wala ya magurudumu ya gari. Nyingi zina silikoni, na chembe yake ikifika kwenye ubao mpako hukimbia mahali hapo na kuacha mashimo ya mviringo ambayo mafundi wa magari huyaita macho ya samaki. Mafuta ya kupaka mikono nayo yangoje jioni.

Hatua ya pili: kufunika na kuziba

Ubao wa vidole, ule wa juu ya shingo ambako nyuzi hubonyezwa, haupakwi mpako, hasa ukiwa wa mpingo. Ufunike wote kwa tepu ya karatasi wanayoitumia wapaka rangi wa magari. Funika pia mahali litakapokaa daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye uso wa gitaa. Weka daraja katika nafasi yake kamili, lichore kwa penseli nyepesi, kisha ukate tepu iwe ndogo kuliko daraja kwa milimita moja kila upande. Gundi hushika ubao mtupu, haishiki mpako, na daraja lililobandikwa juu ya sheleki litang'olewa na mvuto wa nyuzi. Jaza tundu la sauti kwa karatasi au sponji. Ndani ya gitaa hakupakwi kitu.

Mahogani, mvule na meru oki zina vinyweleo vikubwa ambavyo visipozibwa huonekana kama vidoto vyeusi chini ya mng'aro. Saipresi haina tatizo hilo, wala mbao laini za uso. Paka sheleki nyepesi tabaka mbili, kisha ongeza nyingine kidogo na usugue ikiwa bado mbichi kwa msasa wa 320 kwa mwendo wa mviringo. Vumbi la ubao wenyewe litachanganyika na sheleki na kuingia kwenye vinyweleo likiwa na rangi inayolingana. Futa kwa kukatiza nyuzi, acha hadi kesho, sawazisha, urudie. Wanaotaka mkato hutumia epoksi nyepesi, wakaikwangua ikishakauka hadi ibaki kwenye vinyweleo tu, na hufanya kazi vizuri kwenye mgongo na mbavu. Kwenye uso wa gitaa usiijaribu.

Wengine hupenda mwonekano wa vinyweleo vilivyo wazi. Ni uamuzi halali, na unaokoa siku kadhaa.

Hatua ya tatu: kuchanganya sheleki

Pima gramu 25 za magamba kwa kila mililita 100 za spiriti, tia kwenye chupa ya kioo, funga, na utikise mara kwa mara hadi yayeyuke. Acha usiku kucha. Chuja kwa kipande cha soksi ndefu ya nailoni. Ikiwa sheleki ina nta, mchanganyiko utakuwa na ukungu. Uache utulie bila kuutikisa hadi nta ishuke chini, kisha umimine sehemu safi ya juu peke yake. Nta hiyo haidhuru ikiwa utapaka sheleki tupu, lakini vanishi ya poliurethani haitashika vizuri juu yake.

Kuhusu spiriti, soma maandishi ya chupa. Ile ya hospitali ya kusafishia vidonda mara nyingi huwa na mafuta ya mbarika, na sanitaiza ina maji mengi. Zote mbili hazifai. Unahitaji spiriti yenye alkoholi asilimia 95 au zaidi.

Sheleki iliyoyeyushwa huzeeka. Ikipita miezi sita hivi hupoteza uwezo wa kukauka ikawa ngumu, na dukani hutajua ile iliyokwisha kuchanganywa imekaa rafuni tangu lini. Dondosha tone kwenye kioo jioni. Asubuhi ukucha ukiacha alama, sheleki hiyo imwage. Nunua magamba makavu kila uyapatapo, uandike tarehe kwenye chupa siku ya kuyachanganya.

Na kabla ya kugusa gitaa, paka kipande kilichobaki cha ubao uleule, kilichosuguliwa kwa namna ileile, kuanzia tabaka la kwanza hadi mng'aro. Ndicho kitakachokuonyesha rangi halisi na ndicho utakachojifunzia mkono.

Hatua ya nne: kupaka kwa kifundo

Chukua pamba au kipande cha sufu kinachojaa kiganjani, ukifunge ndani ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, kwa mfano shati kuukuu lisilotoa nyuzi, na uzungushe mkia wake hadi chini kuwe laini bila mkunjo hata mmoja. Fungua, tia sheleki kwenye pamba ya ndani, funga tena, kisha ubonyeze kwenye karatasi hadi kiache unyevu wa wastani tu. Kifundo kinachodondoka ni adui wa kazi hii.

Tabaka chache za mwanzo zipakwe kwa mistari iliyonyooka, ukifuata nyuzi, kuanzia pembeni kwenda pembeni. Kifundo kitue ubaoni kikiwa tayari kinatembea, kama ndege inayotua kiwanjani, na kiondoke kikiwa bado kinatembea. Kikisimama hata kidogo kitanata na kuyararua matabaka ya chini. Ikitokea, usijaribu kurekebisha hapohapo. Acha hadi kesho, sugua kwa msasa wa 400, uendelee.

Ubao ukianza kuwa na uso wa kung'aa kidogo, punguza sheleki kwa kuongeza spiriti kiasi kama robo, na uweke tone moja la mafuta ya zeituni chini ya kifundo ili kiteleze. Sasa pitisha kwa miduara midogo, halafu mikubwa, halafu kwa umbo la nambari nane, ukifika kila mahali kwa usawa. Tazama nyuma ya kifundo. Kikiwa na unyevu unaofaa, huacha wingu hafifu kama pumzi kwenye kioo, linalotoweka ndani ya sekunde moja au mbili. Wingu lisipoonekana, kifundo kimekauka. Likikawia, umezidisha, na ukiendelea utayeyusha ulichokijenga. Kulisoma wingu hilo ndiyo elimu yote ya sheleki, na haipatikani kwa kusoma bali kwa kile kipande cha majaribio.

Fanya kazi kwa vipindi vifupi: uso, kisha mgongo, kisha mbavu, halafu pumzisha gitaa saa kadhaa. Vipindi viwili au vitatu kwa siku vinatosha, kwa sababu spiriti iliyonaswa chini huendelea kutoka na mpako hunywea. Kila baada ya siku mbili tatu, sawazisha kwa msasa wa 400 wenye tone la mafuta, bila kukandamiza pembeni, maana kwenye ukingo mpako ni mwembamba na ubao hutokeza mara moja. Endelea hadi uso uwe sawa ukiutazama dhidi ya mwanga wa dirisha.

Kipindi cha mwisho ni cha kuondoa mafuta. Tumia kifundo kipya chenye spiriti na sheleki kidogo sana, kiwe karibu kikavu, na ukipitishe upesi kwa mistari iliyonyooka. Ukungu wa mafuta utaondoka na mng'aro kujitokeza.

Shingo

Shingo hushikwa saa nzima na mkono wenye jasho, kwa hiyo napendelea vanishi ya mafuta juu ya tabaka mbili za sheleki isiyo na nta. Tabaka hizo si za urembo. Mpingo na jamii yake, na mvule pia, vina kemikali za asili zinazozuia vanishi ya mafuta kukauka, na fundi asiyejua hilo hubaki na shingo inayonata kwa wiki nzima. Sheleki hukauka kwa spiriti kuondoka tu, haijali kemikali hizo, nayo huzifungia chini. Punguza vanishi nusu kwa nusu na tapentaini, paka kwa kitambaa, futa ziada, acha hadi kesho, urudie mara tatu au nne. Mwishoni isugue kwa pamba ya chuma iliyo laini kabisa, ile ya sifuri nne, ili kiganja kiteleze bila kunata. Gitaa la umeme liondolewe kwanza pikapu, zile sehemu zinazonasa mtetemo wa nyuzi, kwa kuwa sumaku zake huvuta vumbi la chuma likakwama humo.

Vitambaa vilivyotumika kwa vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani visikunjwe wala kutupwa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vianike vimetandazwa nje au uvitie kwenye ndoo ya maji.

Kungoja, kung'arisha na kufunga nyuzi

Lining'inize gitaa kwa kichwa mahali penye kivuli na hewa, wiki mbili kwa sheleki, na angalau wiki tatu au nne ikiwa uliamua kumpelekea fundi alipulizie laka. Kunusa ni kipimo kizuri: ukisikia bado kiyeyusho, mpako bado unanywea.

Sheleki iliyopakwa vizuri haihitaji zaidi ya kufutwa kwa kitambaa laini. Laka huhitaji msasa wa maji namba 1000, 1500 na 2000, wenye maji na sabuni kidogo, halafu kampaundi ya kung'arishia magari isiyo na silikoni. Maji yasiingie kwenye matundu ya vigingi wala kwenye tundu la sauti. Ubao ukivimba chini ya laka, laka hupasuka.

Ondoa tepu polepole, ukiivuta kwa pembe iliyolala. Weka daraja, pitisha ncha ya kisu kikali kulizunguka bila kukata ubao, ukwangue ule ukanda wa milimita moja wa mpako uliobaki ndani ya mstari, kisha ubandike kwa gundi ya mbao na kulibana kwa klampu zinazopitia tundu la sauti. Acha saa 24 kabla ya kufunga nyuzi. Ubao wa vidole upake mafuta kidogo na uufute ukauke.

Miezi ya kwanza usiliegemeze gitaa kwenye stendi yenye mpira wala kuliacha limelazwa juu ya mkanda wa plastiki, kwa kuwa vilainishi vilivyomo kwenye vitu hivyo huhamia kwenye laka na sheleki na kuacha alama inayonata. Funga stendi kwa kitambaa cha pamba, na ndani ya gari usiliache kwenye jua hata kwa muda wa kuingia dukani.